Katuni za mashujaa: Hadithi bora zilizaliwa katika majarida yaliyokaribia kufa

Miongoni mwa wasomaji wa katuni za mashujaa, yaani hadithi za picha zinazosimulia habari za watu wenye nguvu zisizo za kawaida, ni vigumu kupata mjadala unaodumu kuliko ule wa kutaja hadithi zilizo bora kupita zote. Kila msomaji ana mpangilio wake, lakini majina yanayotajwa hayatofautiani sana: Fantastic Four ya Stan Lee na Jack Kirby, X-Men ya Chris Claremont, Daredevil ya Frank Miller, Swamp Thing ya Alan Moore, Thor ya Walter Simonson na, kwa wanaomfuatilia mfalme wa Wakanda, Black Panther ya Don McGregor na ile ya Christopher Priest. Majina hayo yakichunguzwa kwa makini, hudhihirika jambo ambalo sifa za mashujaa wenyewe haziwezi kulieleza, nalo ni kwamba karibu kazi zote hizo zilianzia katika majarida ambayo hayakuwa yakinunuliwa, na ambayo wenye kampuni walikuwa wamekwisha kuyakatia tamaa.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kwanza kufafanua namna katuni hizo zinavyotengenezwa. Jarida la katuni la Kimarekani kwa desturi hutoka mara moja kwa mwezi, likiwa na kurasa ishirini na kitu za hadithi, na linaweza kuendelea kwa miaka hamsini au zaidi bila shujaa wake kuzeeka, ilhali wanaoliandika na kulichora hubadilika mara kwa mara. Kipindi ambacho mwandishi fulani, peke yake au akishirikiana na mchoraji mmoja, hukabidhiwa jarida hilo na kuliongoza anavyoona inafaa, ndicho kinachoitwa zamu katika makala haya. Zamu inaweza kudumu miezi sita au miaka kumi na sita, na wasomaji wazoefu hupima ubora kwa zamu badala ya kuupima kwa shujaa, kwa kuwa shujaa yule yule anaweza kuwa hai mikononi mwa mtu mmoja na kuwa kikaragosi mikononi mwa mwingine.

Mhusika ni mali ya kampuni

Chanzo cha kazi bora kuzaliwa katika majarida yaliyokatiwa tamaa kimo katika umiliki. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, na mhusika huyo alipotokea katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni mwaka huo, hakuwa tena mali ya waliomuumba. Utaratibu huo ndio uliotawala tasnia nzima kwa miongo iliyofuata: mwandishi na mchoraji walilipwa kwa kurasa walizotoa, na kila walichobuni kilibaki mikononi mwa mchapishaji.

Matokeo yake kwa sanaa yenyewe ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mhusika anayeuzika ni rasilimali, na rasilimali hulindwa. Mwandishi anayemshika Superman au Spider-Man hutarajiwa kumrudisha akiwa mzima, asiyebadilika, tayari kwa mwandishi mwingine, kwa filamu na kwa mwanasesere wa dukani. Hadithi, kwa upande wake, huhitaji mabadiliko, kwani mtu asiyeweza kupoteza chochote hana kisa cha kusimuliwa. Mvutano huo kati ya mali na masimulizi hulegea mahali pamoja tu, yaani pale ambapo mali imeshuka thamani kiasi kwamba hakuna anayejali ikivunjwa na kuundwa upya. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na habari za majarida ya New York, lakini usemi wao unayaeleza vilivyo.

Mwanzo wa Marvel

Kampuni inayojulikana leo kwa jina la Marvel ilikuwa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ndogo iliyosambaziwa majarida yake na shirika lililofungamana na mshindani wake mkuu, na ambayo kwa sababu hiyo iliwekewa kikomo cha majarida iliyoweza kutoa kwa mwezi. Katika hali hiyo ya unyonge ndipo Lee na Kirby walipotoa Fantastic Four, ambayo toleo lake la kwanza lina tarehe ya Novemba 1961. Mashujaa wake wanne waligombana kama ndugu wa nyumba moja, mmoja wao, Ben Grimm, aliuchukia mwili wake uliogeuka mawe, na katika matoleo mawili ya kwanza hawakuvaa hata sare maalumu. Spider-Man naye hakupewa jarida lake mwenyewe; alijaribiwa Agosti 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, ambalo lilikuwa toleo la mwisho la jarida hilo. Kwa kuwa jarida lilikuwa likizikwa, hapakuwa na hasara kubwa katika kuchapisha hadithi ya kijana mpweke ambaye uzembe wake unachangia kifo cha ami yake.

Zamu ya Lee na Kirby iliendelea kwa matoleo 102 mfululizo, na kilele chake kinakubaliwa na wengi kuwa matoleo ya 48 hadi 50, yaliyotoka mwaka 1966, ambamo Galactus, kiumbe anayekula sayari, anaifikia dunia. Hadithi hiyo inaonyesha pia jinsi kazi ilivyogawanywa, kwa kuwa Lee alitoa muhtasari mfupi, Kirby akachora kurasa zote, kisha Lee akazijaza maneno. Na Silver Surfer, mtangulizi wa Galactus anayesafiri angani juu ya ubao na ambaye hatimaye anamwasi bwana wake, aliongezwa na Kirby bila kuagizwa na yeyote. Toleo la 52 la mwaka huo huo ndilo lililomleta Black Panther, mfalme wa Kiafrika anayewashinda kwa akili mashujaa hao wanne wanapozuru nchi yake ya kubuni, Wakanda.

Miaka kumi na sita ya Claremont

Mfano wenye nguvu kuliko yote ni X-Men. Lee na Kirby waliwaanzisha mashujaa hao mwaka 1963, wakiwa ni vijana waliozaliwa na vipaji vya ajabu na ambao jamii inawaogopa, lakini jarida halikushika mizizi, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 1970 hadi 1975 lilikuwa likichapisha upya hadithi za zamani tu. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walitoa toleo maalumu lenye kikosi kipya kilichokusanywa kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo Mjerumani Nightcrawler, Mrusi Colossus, Mkanada Wolverine na Storm aliyetoka Kenya, kisha kazi ikakabidhiwa kwa Chris Claremont, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Alibaki hadi 1991.

Alichokifanya Claremont katika miaka hiyo kumi na sita ni kuutumia muda wenyewe kama kifaa cha usimulizi. Jambo dogo lililotajwa pembeni katika toleo moja liliweza kukomaa na kuwa kiini cha hadithi baada ya miaka mitatu. Urafiki, wivu na majuto viliachwa vikue taratibu, na wahusika wanawake walipewa mamlaka, makosa na tamaa ambazo katuni za wakati huo ziliwatengea wanaume. Akiwa na mchoraji John Byrne, aliyeingia mwaka 1977, alitunga kisa cha Dark Phoenix kilichotoka mwaka 1980, ambamo Jean Grey, mwanamke mpole wa kikosi hicho, analewa nguvu zisizo na mpaka, anateketeza jua la sayari nyingine na kuua wakazi wake bilioni 5, kisha anajiua mwezini ili asije akarudia. Mwaka uliofuata wawili hao walitoa Days of Future Past, hadithi ya matoleo mawili tu inayosawiri wakati ujao ambamo watu wa aina yao wamewekwa kambini, na mwaka 1982 Claremont, pamoja na mchoraji Brent Anderson, alichapisha God Loves, Man Kills, ambamo adui si jitu lenye nguvu bali ni mhubiri wa televisheni anayechochea chuki kwa kutumia maandiko matakatifu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kumtazama Storm, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe. Mama yake ni Mkenya na baba yake ni Mmarekani mweusi. Anawapoteza wote wawili mjini Kairo katika mashambulizi ya vita vya Suez vya mwaka 1956, anakua akiiba mitaani, kisha anashuka kusini hadi nchi ya mama yake, ambako wanakijiji wanamwabudu kwa kuwa anaamrisha mvua. Ni lazima ikubaliwe kwamba kijiji hicho cha mwaka 1975 kilitokana na mawazo ya wageni kuhusu Afrika kuliko na Kenya ya wakati huo, nchi iliyokuwa na chuo kikuu, magazeti na miji mikubwa. Hata hivyo, zamu ndefu ilimpa Claremont nafasi ya kumwondoa Storm katika uungu na kumfanya mtu. Anakuwa kiongozi wa kikosi mwaka 1980. Mwaka 1984 anapoteza nguvu zake. Mwaka 1985, katika toleo la 198 lililochorwa na Barry Windsor-Smith, anarudi Afrika akiwa binadamu wa kawaida na kumsaidia mwanamke kujifungua katika mazingira ya ukame. Na mwaka 1986, bado akiwa hana nguvu hizo, anamshinda Cyclops, kiongozi wa zamani wa kikosi, katika shindano la kuwania uongozi. Hapakuwa na njia ya mkato ya kufikia tukio hilo la mwisho, kwa kuwa uzito wake unategemea yote yaliyotangulia.

Daredevil, Swamp Thing na Thor

Daredevil, wakili kipofu Matt Murdock ambaye hisi zake nyingine zimekuwa kali kupita kiasi, alikuwa katika jarida lililotoka mara moja kila miezi miwili na lililokaribia kufungwa wakati Frank Miller, kijana wa miaka ishirini na kitu, alipoanza kulichora mwaka 1979. Mhariri Denny O'Neil alimkabidhi pia uandishi kuanzia toleo la 168 la mwaka 1981, na katika toleo hilo hilo Miller akamwingiza Elektra, mpenzi wa zamani wa Murdock aliyegeuka muuaji wa kukodiwa, kisha akamuua katika toleo la 181 la mwaka 1982. Aliporudi mwaka 1986, safari hii akiwa na mchoraji David Mazzucchelli, aliandika Born Again, kisa cha matoleo saba ambamo bwana wa wahalifu anayeitwa Kingpin anapata jina halisi la Daredevil na, badala ya kumshambulia kwa silaha, anamwondolea leseni ya uwakili, fedha za benki, nyumba na hatimaye utulivu wa akili. Ubora wa kisa hicho umo katika utaratibu wake, kwani msomaji anaona jinsi mtu anavyoweza kubomolewa kwa barua, simu na nyaraka, kabla ya kuonyeshwa anavyosimama tena.

Swamp Thing lilikuwa jarida la kampuni ya DC kuhusu mwanasayansi, Alec Holland, aliyegeuka zimwi la matope katika vinamasi vya Louisiana, na mauzo yake yalikuwa duni kiasi kwamba Wein, ambaye sasa alikuwa mhariri wake, aliona hakuna ubaya kumpa Mwingereza ambaye Wamarekani wengi hawakumjua. Alan Moore alianza na toleo la 20 la Januari 1984, na katika toleo lililofuata, akiwa na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben, aliupindua msingi wa jarida zima kwa kueleza kwamba zimwi hilo halikuwahi kuwa Holland. Holland alikufa, na mimea iliyonyonya kumbukumbu zake ikajidhani kuwa ni yeye. Kwa pigo hilo moja matumaini ya shujaa kurudia ubinadamu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiiendesha hadithi tangu mwanzo, yaliondolewa, na mahali pake pakaja swali zito zaidi kuhusu utambulisho. Muda mfupi baadaye jarida hilo lilianza kutoka bila muhuri wa Comics Code, kanuni za maadili ambazo wachapishaji walijiwekea mwaka 1954 kufuatia hofu kwamba katuni zilikuwa zikiharibu watoto.

Simonson naye alipewa Thor mwaka 1983, wakati jarida hilo lilikuwa limedorora, na toleo lake la kwanza, la 337, linamwonyesha kiumbe wa kutisha kutoka anga za mbali akiinua nyundo ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini wasomaji walikuwa wameizoea kuwa ya Thor. Jalada la toleo hilo linaonyesha nyundo ikivunja jina lenyewe la jarida, ishara iliyotosha kuwaambia wasomaji kwamba mambo ya kale yamekwisha.

Wakanda kabla ya filamu

Watazamaji wengi walimfahamu Black Panther kupitia filamu ya mwaka 2018, ambamo Lupita Nyong'o wa Kenya aliigiza kama Nakia, lakini uti wa mgongo wa filamu hiyo ulikuwa umekwisha kuundwa kati ya mwaka 1973 na 1975 katika jarida lililoitwa Jungle Action. Jarida hilo lilikuwa likirudia hadithi za miaka ya 1950 ambamo wazungu walikuwa mashujaa wa misitu ya Afrika. Don McGregor, aliyekuwa akisahihisha kurasa zake, hakuridhika na maudhui hayo, na kuanzia toleo la 6 alikabidhiwa nafasi ya kuandika hadithi mpya. Matokeo yake ni Panther's Rage, kisa kirefu kilichochorwa kwanza na Rich Buckler kisha na Billy Graham, mchoraji mweusi, na ambacho karibu wahusika wake wote ni Waafrika. Humo ndimo alimozaliwa Killmonger, mpinzani anayemtupa mfalme katika maporomoko ya maji, na ndimo linamoulizwa swali ambalo filamu ililirithi: je, mfalme anayezurura Marekani akiwasaidia wageni anastahili kuwatawala watu aliowaacha nyumbani?

Zamu ya Priest, iliyoanza mwaka 1998 na kuendelea hadi 2003, ilizaliwa katika shida kubwa zaidi, kwa kuwa Marvel yenyewe ilikuwa imetangaza kufilisika Desemba 1996 na ilikuwa tayari kujaribu lolote. Priest, mwandishi mweusi mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliandika siasa za kimataifa kwa mzaha mkavu, akimtumia Everett Ross, mtumishi wa serikali ya Marekani asiyeelewa analoliona, kama msimulizi. Walinzi wa kike wanaoitwa Dora Milaje, ambao leo wanajulikana duniani kote, ni ubunifu wa zamu hiyo.

Mipaka ya hoja

Haitakuwa haki kudai kwamba kila jarida linalokufa huzaa kazi bora. O'Neil na mchoraji Neal Adams walipewa Green Lantern mwaka 1970 kwa sababu mauzo yalikuwa yakiporomoka, wakaandika kuhusu ubaguzi wa rangi na dawa za kulevya kwa ujasiri ambao haukuwa na mfano katika jarida la aina hiyo, lakini jarida lilisimamishwa mwaka 1972. McGregor naye alikatizwa mwaka 1976 akiwa katikati ya kisa kuhusu Ku Klux Klan. Uhuru unaotokana na kutojaliwa ni uhuru usio na ulinzi.

Vilevile, si kila mkono wa mwenye mali huharibu. Claremont na Byrne hawakukusudia Jean Grey afe. Walipanga anyang'anywe nguvu zake na kubaki hai, na ni mhariri mkuu Jim Shooter aliyekataa, akisema kwamba mtu aliyeua mabilioni hawezi kuachwa arudi nyumbani. Mwisho uliolazimishwa na Shooter ndio uliokipa kisa hicho uzito wake. Lakini ushahidi huo una upande wa pili, kwani mwaka 1986, jarida likiwa limekwisha kuwa na mauzo makubwa, kampuni hiyo hiyo ilimfufua Jean Grey ili kuanzisha jarida jingine, na kwa kufanya hivyo ikapunguza thamani ya kifo ambacho yenyewe ilikidai.

Kazi mbili kubwa zilizotoka nje ya majarida yanayokufa huimarisha hoja badala ya kuipinga. Moore alipotaka kuandika Watchmen, alipendekeza kuwatumia mashujaa ambao DC ilikuwa imewanunua kutoka kampuni ya Charlton, lakini alikataliwa kwa kuwa baada ya hadithi hiyo wasingefaa tena kutumiwa. Ilimbidi yeye na Dave Gibbons wabuni wapya, na matoleo hayo 12 ya mwaka 1986 na 1987 yakawa kazi iliyoingizwa na jarida la Time, mwaka 2005, katika orodha yake ya riwaya 100 bora za Kiingereza. Grant Morrison na Frank Quitely nao, katika All-Star Superman ya mwaka 2005 hadi 2008, waliweza kumwandika Superman anayekabiliana na kifo chake kwa sababu tu hadithi hiyo iliwekwa nje ya mtiririko wa kawaida wa majarida ya DC. Katika hali zote mbili, mwandishi alipata kwa makubaliano kile ambacho wengine walikipata kwa kusahauliwa.

Mwaka 1991 unatoa kipimo cha mwisho. Toleo la kwanza la jarida jipya la X-Men, lililoandikwa na Claremont na kuchorwa na Jim Lee, liliuza zaidi ya nakala milioni 8, nyingi zikinunuliwa na watu waliotarajia kuziuza baadaye kwa faida. Claremont, aliyekuwa akivutana na mhariri wake kuhusu mwelekeo wa hadithi, aliondoka baada ya toleo la tatu. Mwaka uliofuata DC ilimuua Superman mbele ya kamera za dunia nzima na kumrudisha mwaka 1993, na katikati ya muongo huo soko la wakusanyaji likaporomoka. Wauzaji walipata walichokitaka kwa muda, ila ni nadra kwa matukio hayo kutajwa pamoja na Born Again au Panther's Rage pale ubora unapojadiliwa.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuingia katika fasihi hii asianze kwa kumtafuta shujaa anayempenda kutoka kwenye filamu, bali amtafute mwandishi na zamu yake. Mwenye muda mchache aanze na Born Again, ambayo ni matoleo saba na haihitaji maarifa ya awali; mwenye subira achukue X-Men kuanzia toleo la 94 na amfuate Storm mwaka hadi mwaka; na anayetaka kujua Wakanda ilikuwaje kabla ya kufika sinema asome McGregor kwanza, kisha Priest. Hadithi zote hizo zimekusanywa katika vitabu, na zinasomeka vizuri leo kwa sababu walioziandika waliruhusiwa kubadilisha kitu.